Kadi Iliyobaki Mkebeni

Kiamunyi
3 Juni 2025

Kwa Tata wangu mpenzi,

Pokea salamu zinazofurika kama maziwa yaliyosahaulika jikoni. Wewe hujambo? Paka je? Na waru, vile viazi vyako? Sisi huku ni wazima, na mimi ni zaidi ya mzima. Nimeolewa miezi sita na bado naamka asubuhi nikijiuliza kama huyu mwanamume ni wangu kweli. Kihara hurudi kutoka Kikopey, anakochinja na kuchoma mbuzi, kila Jumatatu akinuka moshi wa nyama mpaka kwenye nyusi, na Tata, moshi huo ungeuzwa kwa chupa ningejipaka kanisani.

Najua simu huitaki. Masikio yamekataa, na meseji unasema ni maneno yaliyokatwa miguu. Basi barua hii ataileta Jeff wa duka la vifurushi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ile ya mwisho ya Kiingereza uliirudisha nyekundu kama kuku aliyechinjwa.

Sanduku la kadi za maneno ya Kiingereza ulilotupatia tulipohamia hapa limekuwa furaha ya nyumba. Kihara amepigilia misumari kwenye ubao, safu nne kama zako za shuleni: nani, mara ngapi, hufanya nini, vipi. Saa kumi jioni huja watoto wanne wa majirani kwa tusheni, nami nawafundisha ulivyonifundisha: *always*, *never* na *often* ni watu wa mbele, hutangulia kitenzi kama mtu anayefyeka njia, *slowly* na *quietly* ni watu wa nyuma, hufuata. Watoto wakienda naning'iniza sentensi yangu mwenyewe. Juzi niliweka *He always comes early*. Kihara akasoma, akakuna kichwa: "Madam, hiyo *always* ni ya uongo. Jana nilichelewa." Nikaitoa, nikaweka *often*, akanibusu mbele ya dirisha wazi! Majirani waone tu.

Sasa jambo lenyewe. Skani ya mimba imeonyesha ni wawili. Wasichana wote wawili! Kihara alikaa chini, akamwambia daktari, "Boss, rudia." Ikarudiwa. Wawili.

Mama mkwe wangu alikuja siku hiyohiyo na chapati kumi na mbili. Akasema, "Majina ni mila: wa kwanza ni mimi, Gathoni. Hilo halina mjadala. Wa pili ni mama yako. Yeye anaitwa nani?"

Tata, nilikunywa chai mpaka kikombe kikakauka.

Cheti changu cha kuzaliwa kina jina lako mahali pa mama, lakini sote tunajua wewe ni dada wa baba. Aliyenizaa, ulisema tu kwamba alikwenda, na sikuwahi kuuliza alikokwenda. Sasa naomba jina peke yake. Watoto wanatarajiwa Oktoba, na nesi ataandika siku hiyohiyo. Sitaki mwanangu aanze maisha na nafasi tupu.

Mama Kihara bado anacheka kuhusu siku ya mahari. "Kwingine wanawake hufunga lango kwa kamba, tunalipa kidogo tunaingia kwa nyimbo. Kwenu lango zima lina kufuli, na sisi tukapitishwa katikati ya waru kama wezi wa kuku!" Nikamwambia kwetu ndivyo. Tangu nikiwa mdogo tumepitia nyuma, na lile lango sijaliona wazi hata siku moja.

Nakukumbatia mpaka miwani ianguke,
Mugure (Bi. Kihara!!)


Sachangwan
19 Juni 2025

Mama yangu mdogo,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa kalamu. Alama za mshangao ni nyingi mno. Baridi imeunguza majani ya waru upande wa barabara. Paka amezaa ndani ya gunia langu la mbegu, na sasa siwezi kupanda mpaka watoto wake wafungue macho.

Nimefurahi kwamba ni wawili. Wewe ulibeba jina la mama yangu, ndiyo maana hata leo nakuita mama, nami niliyekubeba mgongoni. Hivyo ndivyo watu hurudi. Kwa hiyo naelewa haraka ya mama mkwe wako.

Uliyowaambia watoto ni nusu ya kweli. Ongeza kwamba palipo na *is*, *always* huhamia nyuma yake: *She is always late*. Na mtoto asiweke kielezi kati ya kitenzi na kitu kinachotendwa. *She opens quietly the gate* ni makosa. Kiingereza hakitaki mtu asimame kati ya mkono na lango. Kiswahili chetu hakina taabu hiyo, mazoea tunayameza ndani ya kitenzi: *hufungua*. Neno moja, basi.

Kuhusu jina. Cheti kinasema Tabitha, na cheti ni cha serikali. Mtoto wa pili aitwe Tabitha. Mimi sikuzaa, na duniani hakuna anayeitwa kwa jina langu. Sikuombi. Nakueleza tu mambo yalivyo.

Kula maini.

Tata wako, Tabby


Kiamunyi
2 Julai 2025

Kwa Tata mpenzi,

Hujambo, na watoto wa paka wameona mwanga? Mimi nimenenepa vizuri, na Kihara anasema natembea kama bata aliyeshinda uchaguzi. Maini nakula. Mapenzi ni mengi kuliko maini.

Kuhusu Tabitha, nimesoma na nimenyamaza, si kwa ubaya. Nitarudi hapo. Kwanza nikueleze jambo, usicheke.

Jumanne saa sita mchana nilitoka kuanua nguo. Mlango niliurudisha mwenyewe. Kihara alikuwa Kikopey na watoto walikuwa shuleni. Ubaoni nilikuwa nimeacha *He often comes early*. Niliporudi na beseni palikuwa na sentensi nyingine:

*She still waits quietly.*

Yaani huyo mwanamke angali anangoja, kimya. Nilicheka, nikadhani Kihara ametoroka kazi aje kunitania. Nikaita, "Babe?" Nikaangalia hadi nyuma ya pazia la bafu. Hapakuwa na mtu.

Tata, kadi zako nilizihesabu siku ya kwanza, arobaini na nane, na nikaziandika orodha. *Still* haikuwamo. Lakini hii ni ya mkono uleule, ile *t* yenye mkia uliopinda. Nilizitungua zote nikazifungia sandukuni. Jumatano mchana nikaenda kununua nyanya tu hapo kibandani. Nikarudi. Sentensi ileile, misumari ileile.

Na chini ya ubao sakafu ilikuwa na maji. Si mengi, ni kama mahali aliposimama mtu aliyenyeshewa. Hapa mvua haijanyesha siku tisa.

Labda ni mimba. Wanasema mimba hufanya mtu aone mambo. Niambie ni mimba.

Wako akupendaye,
Mugure


Sachangwan
10 Julai 2025

Mugure,

Leo sina salamu ndefu.

Kadi zilikuwa arobaini na tisa. *Still* niliitoa kabla ya kukupa sanduku, nikaitia kwenye mkebe wa majani ya chai, pamoja na karatasi zangu za pensheni. Mkebe uko juu ya kabati, na ufunguo wa kabati uko shingoni mwangu.

Nimeufungua leo. Kadi imo.

Nitumie hiyo yako. Ifunge kwa karatasi na umpe Jeff mkononi. Usiining'inize tena.

Tata


Kiamunyi
15 Julai 2025

Kwa Tata,

Salamu kutoka kwetu wote wanne, ukihesabu wanaopiga mateke.

Nakutumia kadi. Niliinunulia bahasha nzuri, sijui kwa nini. Niliona vibaya kuifunga kwa gazeti.

Uliniita Mugure. Tangu nizaliwe hujaniita Mugure ila nikiwa nimekosea. Nimekosea?

Jumatatu Kihara aliiona kwa macho yake. Alikuwa amelala kwenye kochi mchana, mimi nikimkata kucha (ndiyo, mimi humkata kucha, usinicheke). Tulipogeuka, sentensi ilikuwa ubaoni na matone yalikuwa yanaanguka chini, moja, moja, bila kutoka popote. Alileta kitambaa akapangusa. Aliinama pale muda mrefu. Mwanamume huyu hufanyia utani hata mbuzi anayemchinja, Tata, na siku hiyo utani ulimwisha. Jioni akasema, "Muulize shangazi yako. Anayengoja kwa upole hivi si adui. Lakini anangoja."

Nilimwambia nataka tuhame. Akaniuliza, "Tuhamie wapi, na kama hangojei nyumba?"

Nimezitazama kadi zilizobaki. Mwandiko si wako. Wako umesimama wima kama askari, huu umelala kidogo upande. Miaka yote nimezisoma na sikuuliza. Nani aliandika kadi hizi?

Mama mkwe ameuliza tena. Mara hii hakuleta chapati. Alisema, "Jina la mama si siri ya serikali." Nikamwambia natafuta. Tata, unaniambia nitafute wapi kama si kwako?

Wako,
Mugure


Sachangwan
24 Agosti 2025

Mama yangu mdogo,

Nimechelewa. Jeff alileta kifurushi chako siku ileile ulipokituma, usimlaumu. Aliniandikia kwenye kiganja chake, "Mwalimu, mbona hukifungui?" Nikamwambia miwani iko ndani.

Nimeweka kadi mbili mezani. Ni mkono mmoja, karatasi moja, na hata doa lile la wino kwenye *s* limekaa mahali pamoja. Tofauti ni moja tu. Yangu imekuwa ya kahawia kwa miaka. Yako wino wake haujakauka. Ilinichafua kidole, na hilo doa halitoki kwa sabuni.

Sasa nitaandika bila kupumzika, maana nikipumzika sitaendelea.

Aliyeandika kadi hizi alikuwa mwalimu msaidizi shuleni kwangu, kule juu ya Molo tulikokaa zamani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuwa amesomea ualimu, lakini alinishinda. Mimi nilifundisha kwa ubao, yeye alifundisha kwa miguu. Aliwapanga watoto uwanjani, akisema *slowly* wote wanatembea polepole, akisema *never* wanasimama. Kaka yangu Mburu alikuja siku moja kuniletea mwavuli, akasimama kutazama. Tangu siku hiyo nilikuwa na miavuli mingi kuliko mwalimu yeyote Kenya.

Mwalimu huyo alikuwa Mkalenjini, si wa kabila letu. Walioana bila kelele. Wewe ulizaliwa Oktoba tisini na saba, mvua ile ya El Nino ikiwa imeanza. Mama yetu alimpenda, akasema mtoto ni wake, akakupa jina lake.

Januari fujo kati ya watu wetu na watu wa kwao zikaja. Unazijua kwa kusikia, sitakueleza. Mburu alikuwa safarini Nairobi na hakuweza kurudi. Nyumbani kwangu walijificha majirani kumi na saba, watu wetu, na wengine walikuwa wamepoteza watu siku hiyo asubuhi. Mama yako alikuwa ndani pamoja nasi. Walimtazama. Wote kumi na saba walimtazama. Ulikuwa unalia njaa, naye maziwa yalikuwa yamekauka kwa hofu. Akanipa wewe, akasema, "Tabby, naenda kwa mwalimu mkuu kutafuta maziwa ya unga. Nitagonga polepole, ujue ni mimi."

Alirudi. Ilikuwa saa kumi jioni, mchana mweupe, mvua inanyesha. Aligonga lango polepole kama alivyosema. Nikataka kuinuka, na mwanamume mmoja akaniambia, "Ukifungua, ni nani mwingine yuko nyuma yake?" Sikujua. Nilikaa. Nilikushika wewe mdomo usilie. Aligonga, akanyamaza, akagonga. Hakupiga kelele wala kuita jina langu. Aliendelea hivyo mpaka giza likaingia.

Siku ya tatu tulipotoka, mkebe wa maziwa ulikuwa umewekwa juu ya jiwe, mkavu, umefunikwa kwa leso yake. Yeye hakuwapo. Ulikunywa maziwa yale.

Kaka yake, Kipketer, alikuja baadaye kuuliza. Nilimwambia sikumwona tangu alipotoka. Ni kweli. Sikumwona. Mburu nilimwambia hivyohivyo, naye alikufa akiamini hivyo. Tulipohamia Sachangwan, wengine walibeba mabati na milango. Mimi niling'oa lile lango nikaja nalo, nikalitia kufuli, na kwa miaka ishirini na saba nimepitia kwenye waru, wewe nikikushika mkono.

Masikio yangu yalianza kufa taratibu. Daktari hakuona sababu. Sauti ya mwisho kuondoka haijaondoka. Saa kumi jioni bado nasikia akigonga.

Nilitaka jina liwe langu. Nilijiambia nimelinunua kwa kukulea. Mama yako anaitwa Jepkorir. Kwao ni jina la msichana aliyezaliwa karibu na mapambazuko.

Kipketer anakaa Njoro, nyuma ya kanisa la mabati ya buluu.

Tabby


Kiamunyi
20 Oktoba 2025

Tata,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Nimekaa wiki nane bila kuandika. Nilianza barua sita na Kihara alikuwa anaziokota chini, anazikunja na kuziweka juu ya friji bila kuzisoma. Sikujua nikuanze vipi. Hata sasa naona mkono wangu haujui kuandika "mpenzi" na haujui kuliacha.

Nilienda Njoro na tumbo langu hili, Kihara akinishika kiwiko kila ngazi. Kipketer ni mzee sasa, anafuga nyuki. Alinitazama mlangoni, kabla sijasema kitu akamwita mkewe ndani, "Chepkemei, weka chai, mtoto wa Jepkorir amekuja." Hakuniuliza kitambulisho. Anasema ni jinsi ninavyosimama.

Nilimsomea barua yako yote. Sikuruka mstari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi alifika langoni." Akarudia mara mbili. Kwao hakufika, na hawakuzika mtu. Miaka yote walidhani alikamatwa njiani akienda kutafuta maziwa, kwamba maziwa hayakumfikia mtoto. Alilia kwa sababu nilikunywa yale maziwa. Mimi nililia kwa sababu ya kila kitu.

Nilimwuliza kama anataka nikuchukie. Akasema, "Huyo mwanamke amebeba lango mgongoni miaka ishirini na saba. Wewe utamwongezea nini?"

Watoto walizaliwa tarehe kumi na moja. Tata, laiti ungeona! Wana vidole virefu na hasira za nyanya yao Gathoni, wote wawili, na Kihara aliwaimbia akiwa amevaa kofia ya plastiki ya hospitali kichwani kinyumenyume, manesi wakacheka hadi wakashikana. Nampenda mpaka nahisi vibaya. Wa kwanza alikuja saa tisa na nusu usiku. Wa pili akakataa kutoka. Mkunga akasema, "Huyu anangoja nini?" Kukaanza kupambazuka, jogoo wa jirani wa hospitali akawika, naye akaja kimya, bila kulia, macho wazi.

Nesi akauliza majina. Nikasema, Gathoni na Jepkorir. Nilidhani Mama Kihara atashtuka, jina la kabila lingine. Aliinama juu ya kitanda, akampuliza yule mdogo usoni taratibu kama anavyopuliza chai, akamwambia, "Karibu ndani, mama. Umenyeshewa sana." Tata, mimi sikuwahi kumwambia habari ya maji.

Ubao uko vilevile. Tangu nikutumie kadi hakuna kilichosogea, sakafu ni kavu. Lakini saa kumi jioni, Jepkorir huacha kunyonya na kugeuza kichwa upande wa Molo. Gathoni hafanyi hivyo. Huyu hutega sikio dakika chache, kisha anarudi kunyonya. Kila siku. Kihara ameweka saa yake kwa hilo.

Kwa hiyo tunakuja. Jumamosi tarehe nane Novemba, saa kumi. Hatutapitia kwenye waru. Tutasimama langoni na watoto, nitagonga polepole, ujue ni mimi. Ukifungua tutaingia, utawashika, utawafundisha Kiingereza mpaka wakuchoke. Usipofungua tutarudi Kiamunyi, na sitakuja tena. Sisemi hivyo kwa hasira. Nasema kwa sababu mtoto huyu hawezi kugonga mara mbili.

Na jambo moja zaidi. Kwetu wa tatu huitwa kwa jina la shangazi. Mimi na Kihara bado ni vijana.

Mwanao kwa cheti na kwa mgongo,
Mugure


Sachangwan
1 Novemba 2025

Mama yangu mdogo,

Watoto wa paka wamehama gunia na nimepanda. Mvua ni nzuri. Barua yako ina alama moja tu ya mshangao, na iko mahali pake.

Ufunguo wa kufuli nilikuwa nimeutupa zamani, kwa hiyo juzi nilimwita Jeff na msumeno wa chuma. Alikata, akataka kunifungulia. Nikamwambia aende nyumbani kwao. Bawaba zilikuwa na kutu, nikazitia mafuta ya kupikia, nikangoja saa kumi.

Sauti iligonga lango kama siku zote. Mara hii niliinuka. Hakukuwa na mtu wa kuniuliza ni nani mwingine yuko nyuma yake. Nilivuta lango kwa mikono miwili, likaja.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyasi ndefu za miaka, zote zimesimama, isipokuwa mahali pamoja karibu na nguzo, penye upana wa miguu miwili. Hapo hapajaota kitu. Udongo ni laini na umelowa, nami nikasema nilichopaswa kusema siku ile, kwa sauti, sijui kama kubwa au ndogo, maana sijisikii.

Tangu wakati huo lango liko wazi, mchana na usiku, na masikio yangu yamenyamaza kabisa. Ukigonga sitakusikia. Msigonge. Ingieni tu.

Kadi zote mbili nilizirudisha mkebeni. Leo asubuhi imo moja, ile ya kahawia.

Jumamosi nitaandaa chai. Utakuta vikombe vinne mezani: chako, cha Kihara, changu, na kimoja zaidi. Usiniambie kwamba watoto hawanywi chai. Najua kuhesabu. Hicho cha nne nimekipanga upande wa moto, kwenye kile kiti ambacho tangu juzi hakikauki.

Tata wako,
Tabby